Fisi na Ile Nyekundu ya Kilimani

Sogeeni, watoto, sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, maana ukitafuna hivyo mimi mwenyewe sijisikii.

Hapo kale, kale ile ambayo kaa alikuwa bado anatembea kwenda mbele kama sisi, wanyama walikuwa na nyumba zao, majiko yao, wake zao na wakwe zao. Na palipo na wakwe, wanangu, aibu haikai mbali. Msimulizi wenu huyu mpaka leo akiwaona wakwe zake wanakuja, hupita uchochoro wa nyuma.

Basi katika kijiji cha Mwambani alikaa Fisi. Fisi alikuwa mvuvi. Hapana, ngojeni niseme vizuri. Fisi alikuwa msemaji wa uvuvi. Kuvua ni kazi ya ndoana, kusema ni kazi ya mdomo, na mdomo Fisi alipewa wa kutumia na wa akiba.

Kila asubuhi alikaa juu ya gogo pale ufukweni, kofia imelala upande, akiwafundisha wapita njia.

"Wakati wa maji mafu usijihangaishe!" alisema. "Bahari imelala, na samaki wamelala. Ngoja bamvua, maji yanapokwenda mbali na kurudi kwa nguvu. Yakianza tu kujaa, changu huyo, anaingia kula! Mpe chambo cha pweza. Kolekole mpe kamba aliye hai. Na ukitaka kupakumbuka mahali penye samaki, weka alama. Tazama nchi kavu, chagua vitu viwili, mti na jabali, uvione vimekaa mstari mmoja. Kesho vikikaa hivyo tena, umefika. Lakini sikilizeni! Alama ya mvuvi ni kitu gani?"

"Kisichotembea!" waliitikia wana wa mbuzi, maana walishaisikia mpaka wameikariri.

"Kisichotembea!" alisema Fisi, na akaliweka sawa gogo lake.

Yote aliyosema yalikuwa kweli tupu. Taabu ilikuwa moja. Tangu azaliwe, Fisi hajawahi kuleta nyumbani samaki wa kujaza kijiko. Chambo chake hakikufika baharini. Kwanza alikionja kidogo, ajue kama hakijaharibika. Akifika kwenye mtumbwi anaonja tena, ajue kama bado hakijaharibika. Akitupa mshipi, ndoana inashuka tupu, inang'aa, samaki wanaizunguka na kujitazama. Tena macho yake ya mbali yalikuwa na ukungu, ila hilo hakumwambia mtu, hata mkewe.

Sasa Fisi alikuwa na binti, jina lake Siwatu. Mtoto mpole, mchapakazi, na alikuwa amependana na kijana wa Fisi wa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari. Wakaja watu wa Ng'ambo kuweka siku ya harusi. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa mama wa kijana, Bi Kidawa, mwanamke mnene, mwenye macho ya kupekua.

"Harusi ni Ijumaa ijayo," alisema Bi Kidawa. "Na sisi ni wengi. Mtatulisha nini?"

Mama Siwatu alifungua mdomo aseme maharage ya nazi. Mumewe akamwahi.

"Samaki!" alisema Fisi, na kifua kikafura. "Samaki wa kupaka nazi, kila mgeni na wake! Na si wa kuomba wala wa sokoni. Ndoana yangu mwenyewe!"

Mama Siwatu akamfinya paja, finyo la kweli kweli.

"Aii! Mnaona?" alisema Fisi. "Hata mke wangu furaha imemzidi."

Bi Kidawa hakucheka. "Haya, neno limetoka, mzazi mwenzangu. Sisi watu wa Ng'ambo tunaijua nyumba kwa neno la mwenyewe. Likitimia, tunamchukua Siwatu kwa vigelegele. Lisipotimia, tutakula tutakachokikuta, tutashukuru, na tutarudi kwetu bila bibi harusi. Siwezi kumwoza mwanangu kwenye nyumba ya maneno."

Siwatu alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia yote. Wageni walipoondoka alimtazama baba yake, na Fisi akajifanya anatafuta kofia, na kofia ilikuwa kichwani.

Sasa, jirani ya Fisi alikaa Nguchiro. Mjane, mdogo wa umbo, na watoto wanaomning'inia huku na huku. Alikuwa na kamtumbwi kadogo, mtu mwingine angekafanya sinia, lakini kila siku alirudi na changu wanaorukaruka. Hakuwa na nguvu. Alikuwa na masikio, pua, na ulimi uliojua kunyamaza.

Alijifunza kunyamaza kwa sababu ya Fisi huyu huyu. Mwaka uliopita alikuwa akivua penye mwamba wa kaskazini. Fisi akamfuata na rafiki yake Punda, wakatupa nanga ya jiwe, chubwiii! Fisi akaanza kumfundisha Punda kwa sauti, na samaki wakahama ukoo mzima. Nguchiro akahamia mdomo wa mto. Fisi huyo, "Hodi hodi, jirani!" Chubwiii! Samaki hao, kwaheri. Sasa alikuwa amepata mahali pa tatu, shimo refu chini ya maji, na hakumwambia hata paka.

"Baba Siwatu," alisema Mama Siwatu, "jikaze, uende kwa Nguchiro. Mwombe."

Fisi akaenda. Alimkuta uani akipara magamba.

"Nimesikia, Baba Siwatu," alisema Nguchiro kabla hajaulizwa. "Mji mzima umesikia. Basi njoo alfajiri twende wote. Utakaa kimya, utashika mshipi wangu, na samaki wa harusi watapatikana. Siwatu amenibebea watoto hawa mgongoni. Ni mwanangu pia."

Wanangu, neno "ndiyo" lilipanda kifuani mwa Fisi, likapita kooni, likafika kwenye ulimi. Lilikuwa limekwisha kuvaa na viatu. Mara Punda akatokea uchochoroni, na nyuma yake wale wana wa mbuzi.

"Mimi?" akasema Fisi. "Mimi nifundishwe kuvua na mtu ninayeweza kumvaa kama kofia?"

Punda akacheka hii-hoo! Wana wa mbuzi wakacheka mee! Nguchiro akaendelea kupara.

"Haya, baba. Ukibadili mawazo, mlango uko wazi."

Fisi akaondoka akicheka pamoja nao, na tumboni mwake kitu kikimwambia: bwege wewe, bwege wewe, bwege.

Kilichofuata ni akili ya Fisi, na akili ya Fisi mnaijua. Kwa nini aombe, na anaweza kuiba? Jumatatu alimchukua Punda wakajificha kwenye mikoko, pale Nguchiro alipofunga kamtumbwi kake. Mbu waliwakaribisha. Tope liliwafika magotini. Kaa mmoja mkubwa akaiona mikia miwili inaning'inia, akachagua wa Fisi.

"Uwiii!" alipiga ukelele Fisi.

"Shhh!" alisema Punda.

"Shhh wewe! Mkia ni wa nani?"

Nguchiro alikuwa anakuja na kasia begani. Akasimama. Akainua pua, akanusa mara moja tu. Mnajua Fisi ananukaje. Halafu akaanza kuzungumza peke yake, kwa sauti ya mtu anayemwambia kiziwi:

"Ehe, Nguchiro, usije ukasahau! Simama majini, utazame nchi kavu. Ule mti wa mvinje uliopinda wa ufukweni ukae sawa na ile nyekundu ya kilimani, nyuma yake. Fuata mstari huo huo mpaka usikie mwamba unanguruma. Hapo tupa nanga. Chambo pweza, maji yakianza kujaa. Shimo lenyewe hilo, limejaa changu kama pishi la nafaka!"

Fisi akamshika Punda sikio. "Umesikia? Umesikia? Mjinga yule! Anajitolea siri mwenyewe!"

"Ile nyekundu ni nini?" aliuliza Punda.

"Nyekundu ni nyekundu! Unataka jina la baba yake?"

Fisi mwenyewe angejiuliza hilo swali tu, hadithi hii ingeishia hapa na nyinyi mngekwenda kulala. Lakini Fisi alikuwa na macho ya ukungu, na mwenye macho ya ukungu hapendi maswali ya mbali.

Jumanne, mtumbwi majini. Punda alipiga kasia, pwata, pwata, pwata. Fisi alisimama mbele, mkono juu ya macho. Kilimani pale palikuwa na kitu chekundu, kimeshuka chini kidogo ya kisima.

"Kushoto! Kulia! Hapo hapo! Mvinje mbele, nyekundu nyuma, wamekaa kama maharusi. Twende!"

Wakaenda mpaka waliposikia mngurumo. Nanga, chubwiii! Fisi akafungua kikapu cha chambo, akaonja kidogo.

"Hakijaharibika," alisema.

Wakavua. Wakavua mpaka jua likawakausha midomo. Punda alipata bunju, yule samaki mwenye sumu, akavimba mtumbwini mpaka wakamwogopa wenyewe, wakamrudisha kwa heshima zote. Fisi alipata jongoo bahari. Chini ilikuwa tope tupu.

"Samaki hawapo," alisema Punda.

"Wapo," alisema Fisi. "Maji ndiyo yamechelewa."

Jioni walimpita Nguchiro anafunga mtumbwi wake, na kikapu kimefunikwa majani mabichi, na majani yanacheza. Fisi alitazama upande mwingine, kana kwamba kuna jambo la maana angani.

Jumatano wakatoka tena. Fisi akakaza macho.

"Punda, nyekundu ile pale."

"Mbona jana ilikuwa karibu na kisima?" aliuliza Punda. "Leo iko karibu na mgomba."

"Jana ulikaa upande wa kushoto wa mtumbwi. Mambo ya baharini huyaelewi. Piga kasia!"

Pwata, pwata, pwata. Mvinje mbele, nyekundu nyuma. Mstari huo ukawapeleka mbali kabisa, mpaka juu ya mwamba wenyewe, na maji yalikuwa safi, na rangi za chini zinaonekana. Fisi akafurahi. Nanga, chubwiii! Akaonja pweza. Akaonja tena. Jua lilikuwa tamu, upepo mwanana, akalala. Punda alipoona mwalimu amelala, akalala na yeye.

Sasa, wanangu, ilikuwa bamvua. Na bamvua ikoje? Fisi mwenyewe aliwafundisha watu: maji yanakwenda mbali. Yakaenda. Yakaenda bila kumwamsha mtu. Fisi aliamka mtumbwi umeinama upande, umekalia jiwe, na pande zote ni nchi kavu, mwani na vidimbwi.

"Punda! Bahari imeibiwa!"

Wanawake wa Mwambani walikuwa wameshatoka na vikapu, wanatembea juu ya mwamba kutafuta pweza na chaza, wanacheka na kuimba. Wakaufikia mtumbwi. Wakauzunguka.

"Hamjambo, wavuvi?"

"Hatujambo," alisema Fisi, mshipi bado mkononi, ndoana imelala juu ya jiwe.

"Mnavua nini hapa juu? Kuku?"

"Tunaangalia hali ya mwamba," alisema Fisi.

Nguchiro alikuwa kati yao, pweza wawili begani. Hakucheka. Alisema tu, "Baba Siwatu, jua hilo litakuumiza. Chukua maji ya kunywa." Akamwachia kibuyu, akaenda zake.

Hapo ndipo Fisi alipoumia. Kicheko cha wale wengine aliweza kukibeba, lakini yale maji yalimshinda kumeza. Akakaa kwenye mtumbwi wake wa nchi kavu akajisemea: Fisi, mtu angekuhadithia habari ya mvuvi kama huyu ungecheka mpaka ukaanguka kwenye gogo lako. Basi cheka. Akajaribu kucheka. Ikatoka sauti ya mtu aliyepaliwa na mwiba.

"Tumwombe Nguchiro," alisema Punda.

"Kesho," alisema Fisi. "Kesho tukikosa, nitamwomba. Nitapiga magoti."

"Umeapa?"

"Nimeapa. Lakini hatutakosa."

Wakasubiri maji mpaka yaliporudi yenyewe, kwa wakati wake, bila haraka.

Alhamisi, siku ya mwisho, kulikuwa na manyunyu. Nyumbani mawe ya jiko yalikuwa tayari, nazi zimekunwa, ukwaju umelowekwa, makaa yamewekwa pakavu. Kilichokosekana ni samaki tu. Siwatu alimfungia baba yake kikapu cha chambo kwa kamba, mafundo mengi. Akasema, "Baba, usikifungue mpaka ufike." Basi. Alimjua baba yake.

Na Fisi safari hii hakukifungua. Alikiweka kati ya miguu akakikumbatia.

"Nyekundu iko wapi?"

"Pale," alisema Punda. "Juu ya kilima."

"Shika mstari!"

Pwata, pwata. Mara Fisi akaguta, "Kushoto! Imetoka kwenye mstari!"

Punda akapiga kushoto.

"Kulia! Kulia! Lo! Mkondo leo una nguvu, unatusukuma!"

"Mbona mimi sioni mkondo?" alihema Punda. "Naona kama ile nyekundu ndiyo inayotembea."

"Alama haitembei!" alifoka Fisi. "Nimefundisha hivyo maisha yangu yote!"

Ile nyekundu ikaenda upande huu, mtumbwi ukaenda upande ule. Ikarudi, mtumbwi ukarudi. Punda alitoka jasho mpaka masikio yakalala. Halafu ile nyekundu ikaanza kushuka. Ikashuka kilima, ikapita migomba, ikasimama chini kabisa, shinani pa mvinje.

"Yallaaa!" alipiga kelele Fisi. "Zimegusana! Hii haijapata kutokea! Punda, shimo liko hapa hapa karibu! Twende usawa wake, usiiondolee macho! Inakuwa kubwa! Unaiona inavyokuwa kubwa? Samaki wanatuita! Piga! Piga!"

Pwata pwata pwata pwata!

"Sasa! Tupa nanga!"

Fisi akainyanyua nanga ya jiwe kwa mikono miwili, akairusha kwa nguvu zake zote.

Haikulia chubwi. Ililia pu!

Na mtumbwi ukalia kwaruuu! ukasimama ghafla, Fisi akaruka kichwa mbele, akatua na pua yake kwenye mchanga mkavu. Alipoinua uso aliona miguu midogo miwili. Juu ya miguu, kanga nyekundu. Ndani ya kanga, Nguchiro.

"Karibuni," alisema Nguchiro. "Chai iko tayari."

Punda alitazama kanga, akatazama kilima, akatazama kanga tena. Taya lake likashuka polepole.

"Baba Siwatu," alisema Nguchiro, kwa upole kabisa, "hebu nikumbushe. Alama ya mvuvi ni kitu gani?"

Fisi alitema mchanga. "Ni kitu..." Akatema tena. "Ni kitu kisichotembea."

"Jumanne niliianika chini ya kisima. Jana niliianika kwenye mgomba. Leo nilikwishatoka baharini tangu alfajiri, nikasikia baridi ya manyunyu, nikaivaa. Nikasema nitembee kidogo, ninyooshe miguu." Halafu sauti yake ikabadilika. "Lile shimo ni chungu cha wanangu. Ulinifukuza kaskazini, nikanyamaza. Ulinifukuza mtoni, nikanyamaza. Watoto walilala na uji. Ningenyamaza mara ya tatu, wangelala na nini?"

Fisi alikaa mchangani. Kofia ilikuwa imeingia maji na kuteremka mpaka masikioni, na hakuipandisha. Aibu ilimjaa, na mara hii hakutafuta maneno ya kuifunika.

"Nimekukosea, jirani," alisema. "Na nimejikosea. Nimefuata nguo ya mwanamke siku zote hizi nikiipigia kasia. Nimetia nanga nchi kavu. Mimi, mwalimu!" Na hapo, wanangu, kikamtoka kicheko, kicheko cha kweli, he he heee, machozi yanamtiririka, na nusu ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko. "Lakini Siwatu hakukosa kitu. Kesho watamwacha kwa ajili ya mdomo wangu."

Nguchiro akamwonyesha njia ya kuingia mikokoni. Hapo, kwenye maji mafupi, palikuwa na wigo wa fito uliozungushwa vizuri, na ndani yake changu walikuwa wanazunguka, hai, wanene, wanagongana kwa wingi.

"Nafanya hivi kwa ajili ya Siwatu, si kwa ajili yako," alisema. "Nimekuwa nikiwaweka tangu Jumanne. Wachukue. Ila nina sharti. Nanga yako isiguse shimo langu milele."

"Haitagusa!"

"Na kesho nitakuwa karamuni, nimevaa kanga hii. Wakwe wakikuuliza habari ya samaki, ukaanza kutia chumvi, mimi nitatembea."

Fisi akasema, "Bi Kidawa akiujua ukweli hatamchukua Siwatu."

"Hilo ni lako, Baba Siwatu. Samaki ni wangu, mdomo ni wako."

Ijumaa ikafika. Mwambani ilinukia makaa, nazi na ukwaju. Watu wa Ng'ambo walikuja ukoo mzima, wakakaa majamvini, na kila mgeni akapata wake, changu mzima aliyepakwa akapakika. Walikula mpaka waliacha kuzungumza. Hata Bi Kidawa alilamba vidole, akavigeuza upande wa pili na kuvilamba tena.

"Mzazi mwenzangu," alisema mwishowe. "Nimeridhika. Sasa tuambie mwenyewe. Umewapataje?"

Mlangoni Siwatu alisimama na hina yake mikononi. Fisi alimwona. Akaona pia kwamba uongo mmoja mdogo tu ungeimaliza kazi. Ulikuwa mtamu, tena ulikuwa umeshaiva.

"Hahaa," alianza, na kifua kikaanza kufura chenyewe. "Siri ya uvuvi, mama, ni alama..."

Nyuma ya wageni kitu chekundu kikajongea, kushoto.

Macho ya Fisi yakaenda kushoto.

"Ni alama, nasema, na mvuvi mzoefu kama mimi..."

Kikajongea kulia. Kichwa cha Fisi kikaenda kulia. Punda, aliyekuwa amekaa mbele yake, akashika sinia kama kasia na kuanza kupiga, pwata, bila kujijua.

"Shingo yako ina nini?" aliuliza Bi Kidawa.

Kifua cha Fisi kikashuka, fuuu.

"Shingo haina kitu," alisema. "Ni mdomo. Mama, ndoana yangu haijapata hata dagaa. Hawa ni wa Nguchiro. Mimi nilivua jongoo bahari, nikamrudisha. Nilivua juu ya mwamba mkavu, wanawake wakanisalimia. Chambo nilikila. Nimefuata kanga ile mnayoiona pale, nikidhani ni alama, mpaka nikatia nanga mchangani mbele yake, nusura nimpige kwa jiwe. Neno langu halikutimia. Mwenye makosa ni mimi, na Siwatu hana lake hapo. Mkitaka kumwacha, kwanza mnitukane mimi, na mnitukane vizuri."

Hata nzi walisimama.

Bi Kidawa akageuka polepole kumtazama mumewe, mzee mmoja mkimya wa Ng'ambo aliyekuwa na pengo la jino.

"Baba Hamisa," alisema, "lile jino uliloniambia limevunjwa na papa..."

Yule mzee akatazama sahani yake. "Muhogo," alisema. "Muhogo wa kuchemsha."

Bi Kidawa akaanza kutikisika. Kwanza mabega, kisha tumbo, kisha jamvi lote. Akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. "Juu ya mwamba mkavu! Na wanawake wakakusalimia!" Ng'ambo nzima ikaangua kicheko, watu wakashikana wasianguke kwenye wali.

Alipojifuta machozi, alisimama. "Nilisema siwezi kumwoza mwanangu kwenye nyumba ya maneno," alisema. "Lakini baba anayejivua nguo mbele ya wakwe kwa ajili ya binti yake, huyo ninaweza kuishi naye. Mchukueni Siwatu! Na wewe Nguchiro, njoo ukae hapa juu, karibu nami."

Vigelegele! Lililili! Mama Siwatu akamfinya mumewe paja, na safari hii hakuumia.

Tangu siku hiyo Fisi alirudi kwenye gogo lake, kofia upande, lakini mafunzo yalibadilika. "Mwanagenzi, kaa hapa nikwambie nilivyotia nanga mchangani," anasema. "Pwani yote hii, kusini na kaskazini, hakuna mjinga aliyenifikia!" Anajipiga kifua kabisa. Na Nguchiro humchukua kuvua mara moja moja, Punda akipiga kasia, kimya kimya, na chambo anakishika Nguchiro.

Na sisi, wanangu, tuliokula karamu ile kwa masikio tu, tumebakiwa na miiba yake, na huu ndio mwiba wenyewe: jambo usilolijua, liulize mapema mlangoni kwa mwenzako, kabla hujalizunguka bahari nzima ukaja kuanguka mlangoni hapo hapo kwa pua.